Mwongozo Kamili wa Kutathmini Ustahimilivu wa Ugwe Mgongo Mgonjwa Anapopata Kemotherapi na Mionzi

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema uti wa mgongo tukimaanisha mifupa, kisha katika sentensi inayofuata tunalitumia neno hilohilo kwa fungu la neva linalopita ndani ya mifupa hiyo. Katika idara ya mionzi mkanganyiko huo unaweza kumgharimu mtu miguu yake, kwa sababu pingili za mfupa huvumilia dozi ambayo fungu lile la neva haliwezi kuivumilia. Kwa hiyo hapa ugwe mgongo ni fungu la neva lililo ndani ya mfereji, na uti wa mgongo ni mifupa inayolizunguka.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari wanaojifunza tiba ya saratani, wanafizikia tiba, wapangaji wa mionzi na wauguzi wa kemotherapi. Mgonjwa au ndugu yake anayetaka kujua maswali ya kumuuliza daktari anaweza kuufuata pia, ingawa maamuzi ya dozi hayafanyiki nyumbani. Hoja yake ni moja: kikomo cha dozi hakisimami peke yake. Namba iliyobandikwa ukutani katika chumba cha kupangia mionzi ina maana pale tu unapojua ni dawa gani imetumika, imeingia mwilini kwa njia gani, na lini. Katika mambo hayo matatu, njia ndiyo inayosahaulika mara nyingi, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko mengine.

Kinachoharibika ni nini

Mionzi haiui neva papo hapo. Inaziumiza seli zinazotengeneza mielini, yaani ala ya mafuta inayozifunika neva, na inaziumiza seli za ndani za mishipa midogo ya damu inayolisha ugwe. Seli hizo hugawanyika polepole, na ndiyo sababu madhara makubwa huonekana kwa kuchelewa: mielopathia ya mionzi, yaani uharibifu wa ugwe unaoletwa na mionzi, ni nadra kujitokeza kabla ya miezi 6, na wengi wanaoipata huipata ndani ya miaka 3 ya mwanzo. Ikishatokea, kwa kawaida haiponi.

Dawa za kemotherapi huingilia mwendo huo kwa namna tatu. Baadhi huizuia seli kurekebisha DNA iliyokatwa na mionzi, hivyo dozi ileile huuma zaidi. Baadhi ni sumu kwa tishu za neva zenyewe, na madhara yake hujumlishwa na yale ya mionzi hata kama vitu hivyo viwili havikukutana siku moja. Namna ya tatu inahusu kizuizi kilichopo kati ya damu na ugwe mgongo, ambacho katika hali ya kawaida huzuia dawa nyingi zisipenye: mionzi hukilegeza, na dawa ambayo jana isingefika kwenye neva leo inafika. Hii ndiyo sababu mpangilio wa nani atangulie una umuhimu. Katika ubongo imejulikana kwa muda mrefu kwamba methotreksati inayotolewa baada ya mionzi huleta madhara mengi kuliko ile iliyotangulia mionzi, na ni busara kuichukulia tahadhari hiyohiyo kwa ugwe mgongo.

Hatua ya kwanza: andika mfululizo wa matukio

Kabla ya kufungua picha ya CT, chukua karatasi uchore mstari mmoja wa wakati. Juu ya mstari andika mionzi: tarehe ya kwanza na ya mwisho, pingili zilizoguswa, jumla ya dozi, idadi ya mikupuo (yaani vipande ambavyo dozi imegawanywa, kila kimoja kikitolewa kwa mara moja), na dozi ya juu kabisa iliyofika kwenye ugwe wenyewe. Chini ya mstari andika dawa: jina, njia, kiasi cha jumla kwa mita ya mraba, tarehe ya kwanza na ya mwisho. Kazi hii huchukua robo saa tu, na mara nyingi huonyesha jambo ambalo mafaili mawili yaliyotunzwa katika idara mbili hayawezi kulionyesha.

Usimuulize mgonjwa kama aliwahi kupata kemotherapi ya ndani ya maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa wengi hawaijui kwa jina hilo. Muulize hivi: «Je, uliwahi kulazwa kwa ubavu ukiwa umejikunja, magoti karibu na kidevu, ukachomwa sindano kiunoni? Yalitolewa maji tu kwenye vichupa, au kuna dawa iliyosukumwa ndani? Mara ngapi?» Majibu ya maswali hayo hutenganisha kipimo cha kawaida cha maji ya uti wa mgongo na matibabu ya methotreksati au sitarabini, na kwa mtu mwenye leukemia au limfoma tofauti hiyo inaweza kubadilisha mpango mzima.

Hatua ya pili: zipange dawa kwa uzito wa hatari

Dawa zote hazilingani, na kuziandika zote kwa neno moja «kemo» katika fomu ya mionzi ni kujinyima taarifa.

Kundi linalotakiwa kusimamisha mpango mpaka lijadiliwe ni dawa zinazochomwa moja kwa moja ndani ya maji ya uti wa mgongo: methotreksati, sitarabini na thiotepa. Dawa hizi zinaweza kuleta mielopathia zenyewe bila mionzi yoyote, na majaribio ya panya yameonyesha kwamba sitarabini iliyopitishwa njia hiyo hupunguza dozi ambayo ugwe unaweza kuistahimili. Kuzichoma katika wiki zilezile ambazo ugwe unapigwa mionzi ni jambo la kuepukwa, isipokuwa timu nzima imekubaliana kwa sababu zilizoandikwa. Nelarabini, inayotumika kwa leukemia na limfoma za seli T, iwekwe katika kundi hilo hata kama hupitia kwenye mshipa, kwa sababu sumu yake kwa mfumo wa neva inafahamika vizuri na inajumuisha kupooza.

Kundi la pili ni dozi kubwa sana zinazotangulia upandikizaji wa seli shina. Busulfani na thiotepa hupenya kizuizi cha damu kwa urahisi. Zipo ripoti za wagonjwa wa sarkoma ya Ewing, aina ya saratani ya mifupa, waliopata mielopathia baada ya busulfani na melfalani pamoja na mionzi ya kiasi cha Gy 50 kwenye ugwe (Gy, yaani grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi), dozi ambayo bila dawa hizo tungeiita salama. Ni ripoti chache, lakini mtu hahitaji ripoti nyingi za kupooza ili abadilishe mpango.

Kundi la tatu ni dawa zinazoongeza sana makali ya mionzi katika tishu nyingine, jemsitabini ikiwa mfano ulio wazi. Hapa hoja si kwamba ugwe umethibitika kuumia mara nyingi, bali ni kwamba hakuna faida ya kuusogeza karibu na kikomo wakati dawa kama hiyo iko mwilini. Fludarabini nayo imepunguza ustahimilivu wa ugwe katika panya.

Kundi la mwisho ndilo tunalokutana nalo kila wiki: sisplatini kwa saratani za kichwa na shingo, ambayo hutolewa mg 100 kwa mita ya mraba kila baada ya wiki 3 au mg 40 kila wiki, karboplatini na paklitakseli kwa saratani ya mapafu, vinkristini kwa watoto wanaopigwa mionzi ya kichwa na mgongo mzima kutokana na medulloblastoma, aina ya saratani ya ubongo. Miaka mingi ya matumizi imeonyesha kwamba mielopathia hubaki nadra ugwe ukibakizwa ndani ya vikomo vya kawaida. Hata hivyo tusijidanganye kupita kiasi: wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hawakuishi miaka miwili au mitatu ambayo madhara haya huhitaji ili yaonekane, kwa hiyo utulivu wa takwimu za zamani kwa sehemu ni utulivu wa makaburi.

Dawa mpya zinazolenga protini maalumu ziulizwe pia. Kwa vizuizi vya BRAF, protini inayochochea ukuaji wa baadhi ya saratani, ushauri uliotolewa na ECOG, kundi la utafiti wa saratani la Marekani, mwaka 2016 ni kusimamisha dawa angalau siku 3 kabla na siku 3 baada ya mionzi ya mikupuo mingi, na angalau siku 1 kabla na baada ya mionzi ya mkupuo mmoja.

Hatua ya tatu: chagua kikomo, kisha kipunguze kwa sababu

Msingi wa hesabu ni dozi za kawaida za Gy 1.8 hadi 2 kwa siku, zinazofika kwenye unene wote wa ugwe. Mwaka 1991 mtafiti Emami na wenzake walikadiria kwamba Gy 50 kwenye urefu wa sentimita 5 hadi 10, au Gy 47 kwenye sentimita 20, zingewadhuru asilimia 5 ya wagonjwa ndani ya miaka 5. Makadirio hayo yalikuwa ya uangalifu mno. Mapitio ya QUANTEC ya mwaka 2010, yaliyokusanya takwimu za madhara ya mionzi kwa tishu zenye afya, yaliweka hatari kuwa asilimia 0.2 kwa Gy 50, asilimia 6 kwa Gy 60, na asilimia 50 karibu na Gy 69. Kwa mionzi ya kulenga kwa usahihi mkubwa, mapitio hayohayo yalitaja dozi ya juu kabisa ya Gy 13 kwa mkupuo mmoja, au Gy 20 kwa mikupuo mitatu, kuwa yenye hatari iliyo chini ya asilimia 1.

Mtu anayesoma namba hizi haraka anaweza kuona kwamba nafasi kati ya 50 na 60 ni pana na inaweza kutumiwa. Namba hizo zilitokana kwa sehemu kubwa na wagonjwa waliopigwa mionzi bila dawa, na hakuna kipimo cha kuaminika cha kuzizidisha au kuzigawanya kwa ajili ya kila dawa. Kwa hiyo nafasi hiyo ichukuliwe kama akiba inayolipia mambo tusiyoweza kuyahesabu: dawa, kukaa vibaya kwa mgonjwa mezani, na tofauti za miili.

Katika utendaji, mionzi ikienda pamoja na sisplatini au dawa za kundi la mwisho, dozi ya juu kabisa ya Gy 45 kwenye ugwe, na Gy 50 kwenye ugwe uliozungushiwa ukingo wa usalama, ni vikomo vinavyotumika sana katika saratani za kichwa na shingo. Katika saratani ya mapafu ya seli ndogo, pale Gy 45 zinapotolewa mara mbili kwa siku kwa wiki 3 pamoja na dawa, kikomo hushushwa hadi karibu Gy 41. Kwa makundi matatu ya juu, lengo lisiwe kufikia kikomo kwa adabu. Lengo liwe dozi ndogo kadiri uvimbe unavyoruhusu, au kubadilisha dawa.

Hatua ya nne: chora na upange kwa uangalifu

Chora ugwe wenyewe ukiwa na picha ya MRI iliyooanishwa na CT pale inapowezekana, kisha chora mfereji wa mfupa kama muhtasari wa pili. Chora kuanzia juu ya eneo la mionzi hadi chini yake, sentimita kadhaa kila upande, la sivyo dozi ya pembeni haitahesabiwa. Kikomo kisomwe kwenye ujazo mdogo kama sentimita za ujazo 0.03, si kwenye wastani wa dozi, kwa sababu ugwe unafanya kazi kama mnyororo: ukikatika pete moja, kila kilicho chini yake kinapotea.

Doa la dozi ya juu lichunguzwe kwa namna mbili. Tuseme umeagiza Gy 50 kwa mikupuo 25, na sehemu ya ugwe imeangukia kwenye doa lililozidi kwa asilimia 10. Sehemu hiyo itapata Gy 55, lakini itazipata kwa mikupuo ya Gy 2.2 badala ya 2, na mikupuo mikubwa huuma zaidi. Ukiirekebisha kwa hesabu inayofuata hapa chini, inalingana na karibu Gy 57.8 za mikupuo ya kawaida. Asilimia 10 kwenye skrini imekuwa zaidi ya asilimia 15 kwenye neva.

Mionzi ikitolewa zaidi ya mara moja kwa siku, muda wa angalau saa 6 kati ya mkupuo na mkupuo ni wa chini kabisa. Ugwe hujirekebisha polepole kuliko ilivyodhaniwa zamani. Fundisho hilo lilitoka Uingereza, katika mpango wa CHART uliotoa mikupuo mitatu kwa siku, ambapo wagonjwa wachache walipata mielopathia kwa dozi zilizoaminiwa kuwa salama.

Hatua ya tano: fanya hesabu kwa mkono walau mara moja

Programu itakupa jibu, lakini hesabu ya mkono ndiyo inayokuonyesha mantiki yake. Kwa ugwe mgongo, uwiano wa alfa kwa beta, yaani namba inayoonyesha jinsi tishu inavyoathiriwa na ukubwa wa mkupuo, unaotumika sana ni 2. Ili kupata dozi linganifu ya mikupuo ya Gy 2, zidisha jumla ya dozi kwa mkupuo mmoja uliojumlishwa 2, kisha gawanya kwa 4. Gy 30 kwa mikupuo 10 zinakuwa 30 mara 5 gawanya kwa 4, yaani 37.5. Ili kupata dozi ya kibiolojia, ambayo ndiyo inayotumika kujumlisha matibabu mawili, zidisha jumla ya dozi kwa 1 iliyojumlishwa nusu ya mkupuo.

Chukua mgonjwa aliyetibiwa mapafu kwa mikupuo 30, ugwe wake ukapata Gy 45 kwa juu kabisa, yaani 1.5 kila siku. Dozi yake ya kibiolojia ni 45 mara 1.75, sawa na 78.75. Mwaka mmoja baadaye saratani inarudi kwenye pingili ileile. Uchambuzi wa Nieder na wenzake wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba hatari ni ndogo jumla ikiwa haizidi 135.5, kila tiba peke yake haizidi 98, na muda kati yao si chini ya miezi 6. Ukimpa Gy 20 kwa mikupuo 5 unaongeza 60, na jumla ni 138.75: umevuka. Ukimpa Gy 8 mara moja unaongeza 40, na jumla ni 118.75: umebaki ndani.

Sasa rudi kwenye mstari wa wakati. Ikiwa kati ya tiba hizo mbili mgonjwa alichomwa methotreksati kiunoni mara nne, fomula itatoa 118.75 ileile. Haijui lolote kuhusu dawa. Hapo ndipo daktari anapaswa kuandika kwa mkono wake, kando ya jumla hiyo, kwamba hesabu imeacha kitu nje.

Hatua ya sita: panga nani atangulie

Pale penye uchaguzi, dawa za ndani ya maji ya uti wa mgongo zitangulie na zimalizike kabla ya mionzi, na kisha zisirudiwe bila mjadala mpya. Pale ambapo mgonjwa ana mgandamizo wa ugwe, mambo hubadilika: miguu inayodhoofika leo haingoji, deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, huanza mara moja na mionzi au upasuaji hufuata haraka, na ni kemotherapi ndiyo inayoahirishwa. Hatari ya mielopathia baada ya mwaka ni ndogo sana ikilinganishwa na uhakika wa kupooza wiki hii.

Hatua ya saba: mchunguze wakati wa tiba na baada yake

Kila wiki mwombe mgonjwa ainamishe kidevu mpaka kifuani na umuulize kama anahisi kitu kama umeme kikishuka mgongoni hadi miguuni. Hiyo ni dalili ya Lhermitte. Kwa kawaida hutokea miezi 2 hadi 4 baada ya mionzi na huisha yenyewe baada ya miezi kadhaa. Peke yake haimaanishi kwamba kupooza kunakuja, na mgonjwa aliyeambiwa hivyo mapema hulala usingizi. Lakini sisplatini nayo huweza kuileta, na uharibifu wa neva unaosababishwa na sisplatini una tabia ya kuendelea kuwa mbaya kwa miezi kadhaa baada ya dawa kusimamishwa. Majira hayo mawili huangukiana, na hapo ndipo watu hukosea.

Ili kutofautisha, anza na ramani ya ganzi. Sisplatini, paklitakseli na vinkristini huleta ganzi ya vidole vya miguu na mikono pande zote mbili, mithili ya soksi na glavu, na mrejesho wa kifundo cha mguu, yaani mshtuko wa mguu usio wa hiari unapogongwa pale, hupungua au hupotea. Ugwe ukiumia, ganzi huwa na mpaka kwenye kiwiliwili unaoweza kuuchora kwa kalamu, mirejesho huongezeka nguvu, kidole gumba cha mguu huinuka unapokwaruza wayo, na haja ndogo hukwama au hutoka bila hiari. Wakati mwingine mguu mmoja hudhoofika ilhali ule wa pili ndio uliopoteza hisia ya maumivu na joto. Mgonjwa mwenye vyote viwili atakuwa na picha iliyochanganyika, na kwa huyo mpaka wa ganzi na mkojo ni mashahidi wa kuaminika kuliko kifundo cha mguu.

Mpaka ukionekana, au mkojo ukibadilika, au miguu ikidhoofika, MRI ya mgongo mzima ifanywe siku hiyohiyo, kwa kuwa saratani iliyorudi ni ya kawaida kuliko mielopathia na inatibika haraka. Katika picha ya T1 (T1 na T2 ni aina mbili za picha za MRI) pingili zilizopigwa mionzi huonekana nyeupe kwa sababu uboho wake umegeuka mafuta, na weupe huo huchora wazi mipaka ya eneo la mionzi ya zamani. Ugwe uliovimba na kung'aa katika T2 ndani ya mipaka hiyo unaendana na madhara ya mionzi. Ukiwa nje kabisa ya mipaka hiyo, tafuta sababu nyingine. Kiwango cha vitamini B12 kipimwe pia, ni kipimo rahisi na upungufu wake hutibika. Mielopathia ikithibitika, deksamethasoni hujaribiwa kwanza. Bevasizumabu na oksijeni ya shinikizo kubwa zimetumika kwa baadhi ya wagonjwa, lakini ushahidi wake ni mwembamba.

Hatua ya mwisho hufanyika siku ya mkupuo wa mwisho. Andika barua ya ukurasa mmoja yenye pingili zilizoguswa, jumla ya dozi na mikupuo, dozi ya juu kabisa ya ugwe pamoja na ile ya kibiolojia, majina ya dawa zote, njia zake na tarehe zake, na dalili tatu za kumleta mgonjwa hospitali bila kusubiri miadi: udhaifu wa miguu, ganzi yenye mpaka, na mabadiliko ya haja. Nakala moja abaki nayo mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa tatizo likitokea miaka miwili baadaye huenda akapokewa katika hospitali isiyo na faili lake.